Megawati 21 za Hale katika gridi ya megawati 4,000

Mwezi Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sababu aliyoitaja ni upotevu. Umeme unaozalishwa kusini husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika kaskazini, na ule unaopotea njiani hugharimu kiasi cha shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Wengi walishangaa. Wakati huo Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilikuwa linakamilisha mashine zake tisa zenye jumla ya megawati 2,115, na nchi ilikuwa na mitambo mingi kuliko mahitaji yake. Mwenye ghala lililojaa unga aende kukopa kibaba kwa jirani?

Jibu ni kwamba ghala limejaa kweli, lakini liko mbali na jiko. Anayetaka kulielewa jibu hilo hana haja ya kuanzia Rufiji wala Ethiopia. Anaweza kuanzia Hale, mji mdogo wilayani Korogwe kwenye barabara ya Segera kwenda Tanga. Hapo upo mtambo wa umeme wa maji wa megawati 21, ambao kwa hesabu ya haraka unaonekana kuwa si kitu. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi mtambo huo unavyofanya kazi, nafasi yake katika Gridi ya Taifa, na mipaka yake. Hukumu tutaiacha hadi mwisho.

Udogo ni wa kulinganisha

Tuanze na neno "mdogo". Katika kanuni za Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, mradi mdogo wa umeme ni ule usiozidi megawati 10. Kwa kipimo hicho Hale si mdogo. Lakini mwaka 2025 uwezo wa mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi ulivuka megawati 4,000. Ukigawa 21 kwa 4,000 unapata nusu asilimia na ushee kidogo. Mashine moja tu ya Bwawa la Nyerere ina megawati 235, yaani zaidi ya Hale kumi na moja. Hivyo tunapouita mtambo huu mdogo, tunaupima na gridi ya leo.

Haikuwa hivyo daima. Katika miaka ya 1930 kampuni ya TANESCO, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilijenga mtambo wa maji kwenye Maporomoko ya Pangani, jirani na Hale, hasa kwa ajili ya mashamba ya mkonge na mji wa Tanga. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, na mashine za kusindika majani yake zilihitaji nguvu nyingi. Dar es Salaam ilikuwa na kampuni yake nyingine, DARESCO. Mwaka 1964 mtambo wa Hale ulipoanza kazi, ulijengwa pamoja na njia ya kusafirisha umeme ya msongo wa kilovoti 132 kutoka Hale hadi Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza mto wa kaskazini uliwasha taa za jiji lililo mamia ya kilomita mbali. Mbegu moja ya gridi tunayoijua leo ilipandwa hapo. Mitambo mikubwa kama Kidatu, ambayo awamu yake ya kwanza ilianza mwaka 1975, ilikuja baadaye.

Kwa hiyo mwelekeo umegeuka. Mwaka 1964 umeme ulitoka Tanga kwenda kusini, na sasa sehemu kubwa hutoka kusini kwenda Tanga. Mtambo haujahama, ila mfumo umekua na kuuzunguka. Jambo hilo tulishike, kwa kuwa thamani ya mtambo katika gridi hutegemea sana mahali ulipo.

Maji yanavyogeuka umeme

Mtambo wa umeme wa maji unahitaji vitu viwili: maji yanayotiririka na mahali pa kuyaangusha. Cha kwanza huitwa mtiririko, nacho hupimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Cha pili huitwa kimo, nacho ni tofauti ya urefu kati ya mahali maji yanapochukuliwa na mahali yanapotokea baada ya kufanya kazi. Mtiririko mkubwa bila kimo ni mto tu unaopita, na kimo bila mtiririko ni korongo kavu.

Pale Hale maji huzuiwa na kuingizwa kwenye handaki linaloyashusha hadi kwenye jengo la mashine lililo chini ya ardhi. Huko hukutana na turbaini, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukumwa na maji. Turbaini huzungusha jenereta, na jenereta hugeuza mzunguko huo kuwa umeme. Mashine ziko mbili, kila moja ya megawati 10.5. Maji yakishasukuma mapanga hurudi mtoni. Hayachomwi wala hayanywewi, na jambo hili litatufaa mbele.

Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Zidisha mtiririko kwa kimo, kisha zidisha kwa 10, ambayo ni namba ya karibu ya mvutano wa dunia. Jibu ni kilowati ambazo maji hayo yanabeba. Kwa kuwa hakuna mashine isiyopoteza kitu, chukua sehemu tisa katika kumi. Kimo cha Hale ni karibu mita 70. Kwa hiyo kila mita ya ujazo inayopita kwa sekunde hutoa karibu kilowati 630, na ili kufikisha megawati 21 panahitajika kiasi cha mita za ujazo 33 kila sekunde.

Hapa tutenganishe maneno mawili ambayo mitaani huchanganywa. Nguvu ni kasi ya kufanya kazi, nayo hupimwa kwa kilowati au megawati. Nishati ni kazi yenyewe iliyofanyika kwa muda fulani, nayo hupimwa kwa kilowati-saa, ambayo mnunuzi wa LUKU huiita uniti. Pasi ya kilowati moja ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Kwa hesabu yetu, Hale hutumia karibu mita za ujazo 5.7 kuzalisha uniti moja, sawa na madumu 285 yanayoshuka mita 70. Anayechota maji kisimani ataelewa haraka kwa nini wahandisi wa umeme huuonea mto wivu.

Sasa tuone ukubwa wa mazao ya mwaka. Mashine zote mbili zikifanya kazi kwa nguvu zote mwaka mzima zingetoa karibu uniti milioni 184. Mto hauruhusu hivyo, kwani kuna kiangazi na kuna siku za matengenezo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtambo umefanya kazi kwa nusu ya uwezo wake. Zitapatikana uniti milioni 92. Kaya inayotumia uniti 75 kwa mwezi hutumia 900 kwa mwaka. Uniti hizo zingetosha kaya zipatazo laki moja. Kwa nchi nzima hiyo ni sehemu ndogo, lakini kwa wilaya kama Korogwe, Muheza na Pangani ni nyingi.

Mto mmoja, ngazi tatu

Hale hauko peke yake mtoni. Mto Pangani huanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako tangu mwaka 1968 upo mtambo wa megawati 8. Kutoka hapo mto hushuka kupitia vinamasi vya Kirua, hupokea Mkomazi kutoka upande wa Pare na Luengera kutoka Usambara, kisha hufika Hale. Kilomita chache chini ya Hale upo mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani wenye megawati 68, uliokamilika katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kuchukua nafasi ya ule wa zamani. Jumla ya ngazi hizo tatu ni megawati 97.

Mpangilio huu unabadilisha hesabu. Mtambo wa Maporomoko ya Pangani una kimo cha karibu mita 170. Maji yaleyale yaliyotoka Hale huanguka tena huko na kutoa uniti moja kwa kila mita za ujazo 2.4 hivi. Ukijumlisha vimo viwili, mita za ujazo 1.7 zinatosha kwa uniti moja. Madumu 285 ya Hale yamepungua kuwa kama 83. Anayeuliza thamani ya mita moja ya ujazo iliyoachwa mtoni hana budi kuihesabu kwenye ngazi zote inazopita.

Ngazi ya juu nayo ina kazi yake. Hale ina lambo dogo tu, lisiloweza kuweka akiba ya miezi. Akiba halisi iko Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo likifunguliwa wakati wa kiangazi, maji husafiri siku kadhaa kabla ya kufika Hale, na sehemu yake hupotea kwa mvuke au huchukuliwa njiani. Hivyo uamuzi unaofanywa leo mpakani mwa Kilimanjaro na Manyara huonekana wiki ijayo kwenye mashine za Korogwe.

Gridi ni nini, na upotevu hutoka wapi

Gridi ni mtandao wa njia kubwa za umeme unaounganisha mitambo mingi na watumiaji wengi ili wote wawe kama soko moja. Umeme wa Nyerere huenda Chalinze kwa njia ya kilovoti 400 yenye urefu wa kiasi cha kilomita 160. Kutoka Chalinze kuelekea Hale, Tanga, Same, Moshi na Arusha, uti wa mgongo kwa miaka mingi umekuwa njia ya kilovoti 132, ambayo asili yake ni ile ya mwaka 1964.

Waya wowote huzuia mkondo wa umeme kidogo, na kile kilichozuiwa hugeuka joto. Ndiyo maana waya wa pasi hupata uvuguvugu. Sheria yake ni hii: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne, na ukiongezeka mara tatu, upotevu huwa mara tisa. Kwa sababu hiyo umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa, kwa kuwa msongo ukipanda, mkondo hupungua kwa nguvu ileile. Njia ya kilovoti 400 ni kama barabara pana, na ile ya 132 ni kama njia ya gari moja.

Sasa tuirudie Hale kwa chaki mkononi. Tuseme eneo la Tanga linahitaji megawati 100 na zote zinatoka mbali. Upotevu wake tuuite 100 kwa ajili ya hesabu. Kisha Hale iwashwe na kutoa 20 papo hapo. Njia ndefu sasa inabeba 80, yaani mkondo umepungua kwa moja ya tano. Upotevu mpya ni nane ya kumi mara nane ya kumi, yaani 64. Mzigo umepungua kwa asilimia 20, lakini upotevu umepungua kwa asilimia 36. Mtambo wa jirani haulipi kwa uniti zake tu. Hulipa pia kwa uniti za mitambo mingine ambazo hazikupotea njiani.

Msomaji makini atauliza: je, kila saa ni hivyo? Hapana. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na viwanda vikipumzika, njia ndefu ina nafasi na upotevu ni mdogo, hivyo uniti ya Hale haina upekee mkubwa. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku mambo hugeuka: taa, televisheni, majokofu na pasi za kesho asubuhi vyote huwashwa pamoja. Lambo la Hale haliwezi kuhifadhi maji ya miezi, lakini linaweza kuchelewesha maji ya saa chache. Maji yaliyobanwa mchana na kuachiliwa jioni yana thamani zaidi kuliko yaleyale yaliyotumika usiku wa manane.

Kazi ambazo mita haihesabu

Zipo kazi nyingine tatu ambazo hazionekani kwenye hesabu ya uniti. Ya kwanza ni kushikilia msongo. Katika bomba refu la maji, nyumba ya mwisho hupata matone wakati wengine wote wamefungua. Umeme nao una tabia inayofanana: kadiri unavyokwenda mbali, msongo hushuka. Mwenye kiwanda huona mota zikikoroma bila kuzunguka vizuri, na mwenye nyumba huona taa ikififia. Jenereta iliyo karibu na mwisho wa njia inaweza kurekebishwa ili iinue msongo wa eneo lake, hata pale inapotoa megawati chache.

Kwa Tanga jambo hili lina uzito wa pekee. Pongwe kuna kiwanda cha saruji chenye mota kubwa. Tena Tanga si mwisho wa njia. Tangu mwaka 2010 upo waya wa kilovoti 33 uliolazwa chini ya bahari, unaotoka Tanga hadi Pemba. Kisiwa kizima kimening'inia kwenye ncha ya mfumo ambao nao ni mrefu. Msongo ukilegea Hale, miji ya Wete na Chake Chake kisiwani humo husikia.

Kazi ya pili ni kulinda mwendo wa pamoja. Katika gridi ya Tanzania umeme hubadili mwelekeo na kukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, kipimo kinachoitwa hezi 50. Mashine zote zilizounganishwa huzunguka kwa mapigo yaleyale, kama wapiga makasia wa ngalawa moja. Mahitaji yakizidi uzalishaji ghafla, mwendo hupungua, na yakipungua ghafla, hupanda. Ukitoka nje ya mipaka, mitambo hujizima ili kujinusuru, na kila mmoja unaojizima huwaongezea wenzake mzigo. Turbaini ya maji ina kifaa kinachopima mwendo na kufungua au kubana mlango wa maji kwa muda mfupi. Hale peke yake haiwezi kuokoa gridi ya megawati maelfu, lakini ni kasia mojawapo.

Kazi ya tatu huonekana siku gridi yote imezima. Mtambo wa umeme unahitaji umeme ili kuwaka: kuna pampu za mafuta ya kulainisha, taa za chumba cha uendeshaji, mitambo ya kupoza. Kituo kikubwa cha gesi kwa kawaida hakiwezi kujiamsha bila kupewa umeme kutoka nje. Mtambo wa maji unahitaji kidogo sana, kwani betri au jenereta dogo la dizeli linaweza kutosha kufungua mlango, na maji hufanya yaliyobaki. Ndiyo maana duniani kote mitambo ya maji hupendelewa kuwa ya kwanza kuamka, kisha ikaiamsha mingine. Mitambo ya aina hiyo ikiwa imetawanyika kanda mbalimbali, nchi haisubiri moto uletwe kutoka jiko moja.

Juu ya hayo matatu kuna hoja ya mvua. Bonde la Rufiji hupata maji mengi kutoka nyanda za juu kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Bonde la Pangani lina misimu miwili, vuli na masika. Mwaka ambao mvua za kusini zimechelewa, vuli ya Usambara inaweza kuwa imekwisha kunyesha. Haitokei kila mara, kwani ukame mkubwa hugusa nchi nzima. Hata hivyo mkulima mwenye mashamba mawili ya mbali hulala vizuri kidogo kuliko mwenye moja.

Mipaka ya hoja

Tumesikia upande wa Hale. Haki inataka tusikie na upande wa pili.

Mpaka wa kwanza ni maji. Mto Pangani una watumiaji wengi kabla haujafika Korogwe. Wachaga walichimba mifongo yao, yaani mifereji ya kumwagilia, kwenye miteremko ya Kilimanjaro karne nyingi zilizopita. Chini yake kuna mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC na skimu ya mpunga ya Moshi Chini iliyoanza miaka ya 1980. Miji ya Arusha na Moshi imekua. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe nao unachota Nyumba ya Mungu. Ndiyo maana mwaka 1991 bonde hili lilipewa ofisi yake ya kusimamia maji. Kila mita ya ujazo iliyochukuliwa huko juu haifiki Hale.

Tena sheria haiupi umeme nafasi ya kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha akiba ya mazingira, na baadaye ndipo kilimo, viwanda na umeme. Mpangilio huo ni wa haki. Mama wa Mwanga hawezi kuambiwa akae na kiu ili mashine ya Hale izunguke. Lakini msomaji akumbuke tulichosema awali: umeme hauyanywi maji. Yakitoka Hale huenda Maporomoko ya Pangani, na yakitoka huko hushuka hadi mji wa Pangani. Huko mtiririko ukipungua, maji ya bahari hupanda mtoni na chumvi hufika kwenye minazi na visima vya wakulima. Maji yaliyoachwa mtoni kwa ajili ya umeme huendelea kufanya kazi ya mazingira hadi baharini. Mvutano wake na kilimo cha juu ni wa kweli, ila na wavuvi na wakulima wa chini si mkubwa hivyo.

Mpaka wa pili ni umri. Mtambo umepita miaka 60. Handaki na kuta huishi muda mrefu zikitunzwa, lakini mapanga ya turbaini huliwa na mchanga, nyaya za jenereta huchoka, na vifaa vya uendeshaji hupitwa na wakati. Hale imekuwa katika haja ya ukarabati mkubwa, na Sweden ni miongoni mwa nchi zilizosaidia mpango huo. Kukarabati ni gharama, na fedha zilezile zingeweza kununua kitu kingine.

Mpaka wa tatu ndio huo: vitu vingine vipo. Njia ya kilovoti 400 ikifikishwa Tanga, upotevu kutoka Chalinze utashuka sana na hoja ya umbali itapungua nguvu. Njia ya kilovoti 400 inayounganisha Tanzania na Kenya, kutoka Singida hadi Isinya, iliunganishwa mwishoni mwa mwaka 2024, na ndiyo inayowezesha mazungumzo ya umeme wa Ethiopia. Jua la pwani nalo ni jingi. Basi, je, Hale imebaki kuwa kumbukumbu?

Tupime moja moja. Umeme wa jua hupatikana mchana na kutoweka machweo, saa ileile ambayo mahitaji hupanda. Jua na lambo dogo husaidiana: jua hubeba mchana huku maji yakibanwa, na maji hubeba jioni. Njia kubwa hupunguza upotevu, lakini nayo ikikatika, kanda yote hukatika pamoja nayo endapo haina mtambo wake wa ndani. Umeme wa kununua unalipiwa kwa fedha za kigeni na unafuata mkataba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi zote tatu za Hale, na Hale haiwezi kufanya kazi ya chochote kati yake kwa ukubwa wake. Vinajazana, havifutani.

Hukumu

Sasa tunaweza kulijibu swali. Kwa mtu anayetafuta megawati nyingi kwa ajili ya nchi nzima, Hale haina jibu. Ikizimwa kesho, uzalishaji wa umeme wa taifa hautatikisika, na bei ya uniti Mbeya au Mwanza haitabadilika kwa sababu yake.

Kwa Tanga na kaskazini hesabu ni nyingine. Mtambo uliopo karibu na mtumiaji, unaoweza kuwashwa jioni, unaoshikilia msongo mwishoni mwa njia ndefu, unaoweza kuamka bila msaada, na ambao maji yake hutumika tena chini yake, una thamani kubwa kuliko nusu asilimia inayoandikwa kwenye jedwali. Kuukarabati ni uamuzi wenye busara, kwa sharti moja: gharama ipimwe dhidi ya upotevu unaozuiwa na uimara unaoongezwa, wala isipimwe kwa bei ya megawati peke yake. Wakaguzi wakitumia kipimo kimoja kwa Nyerere na kwa Hale, watakuwa wamepima kitambaa na kitunguu kwa mizani moja.

Lakini mashine mpya kwenye mto uliokauka ni mapambo. Hatima ya Hale iko zaidi kwenye misitu ya Kilimanjaro na Usambara, kwenye mifereji isiyovuja ya wakulima wa Moshi na Pare, na kwenye ratiba ya milango ya Nyumba ya Mungu kuliko kwenye karakana. Bajeti ya ukarabati isiyo na fungu la kulinda bonde imehesabu nusu ya mtambo.

Na wewe msomaji wa Tanga unayenunua LUKU ya shilingi elfu tano, unapopita Hale kwa basi, tazama zile nguzo. Sehemu ya uniti zako haikusafiri kutoka Rufiji. Imeshuka mita 70 kutoka mtoni, na ilianza kama mvua Kilimanjaro.